Jiwe Lililokataa Kulia

Malukhu, Mbale
4 Machi 2024

Mjomba wangu Enos,

Pokea mikono yangu miwili. Hapa Malukhu tuko wazima. Mama magoti yanamsumbua akishuka ngazi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata kidogo. Anakusalimu, na anasema kwamba dada mkubwa hasalimii kwanza, kwa hiyo usizoee. Mahindi ya nyumbani Chwele yameoteshwa, mvua imewahi.

Nimekupigia simu tangu Krismasi. Inaita, hupokei. Anti Norah akipokea anasema umetoka, na nyuma yake nakusikia unakohoa. Basi nimekumbuka ulivyokuwa ukituandikia ukiwa fundi wa kiwanda cha nguo, nami nimenunua karatasi na bahasha kama mtu wa zamani. Cliff, yule kijana wa Webuye anayebeba samaki wa ngege kutoka Masese huko kwenu kuleta soko la hapa, amekubali kuwa posta yetu. Ukiona bahasha inanuka samaki, ujue ni mimi.

Sasa jambo lenyewe. Nimeacha kazi gereji. Usiruke kwanza, soma. Mimi na Ashiraf, fundi wa injini niliyefanya naye kazi miaka yote hii, tumekodi kibanda chetu. Na tumepata mashine. Ilikuwa imelala kwenye nyasi nyuma ya kile kiwanda cha pamba kilichofungwa, mbuzi wanaipanda kama mwamba. Ilikuwa inangoja kukatwa vipande iuzwe skrapu. Tuliiwahi.

Ni grainda, maana ina jiwe. Lakini si grainda kama zile za kunolea panga. Ina mguu mzito kama kabati la benki, meza ya chuma inayokwenda kushoto na kulia, na magurudumu ya mkono, moja juu na mengine mbele. Bamba la jina limeng'olewa, yamebaki matundu. Ashiraf anasema ni ya kunolea visu vya randa. Mimi sijui, na sitaki kubahatisha.

Unajua hapa Mbale hedi ya injini, kile kifuniko cha juu, ikipinda inapandishwa basi kwenda Kampala, inakaa huko mpaka mwenye gari anaanza kukutukana. Kama mashine hii inaweza kusawazisha hedi, mimi na Ashiraf tuna maisha. Kama haiwezi, nitarudi gereji kuomba msamaha, na yule bosi unamjua. Niambie ni nini hii, Mjomba. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Mpwa wako,
Nangila


Mpumudde, Jinja
19 Machi 2024

Mamangu Nangila,

Wacha wanaotaka kucheka wacheke. Una jina la mama yangu, nitakuita mama mpaka nizikwe. Barua imefika, na paka wa jirani ameisindikiza mpaka mlangoni. Norah mzima, amejiunga na kwaya ya pili kanisani, kama vile moja haikutosha. Mwambie dada Wilkista magoti apake mafuta ya moto, na aache kupanda ngazi kuchungulia ya majirani.

Simu yangu imeharibika spika. Usipige. Andika.

Ashiraf mwambie anyamaze. Hiyo si ya kunolea. Hiyo ni grainda ya kusawazisha, na nilipofika pale ulipoandika magurudumu ya mkono nilisimama nikazunguka meza ya kulia chakula, Norah akauliza kama nimeng'atwa. Kiwandani tulikuwa na mbili, enzi za nguo. Meza inapeleka chuma chini ya jiwe, inarudisha, inapeleka, na gurudumu la juu linashusha jiwe kidogo mno, kiasi ambacho jicho halioni. Hedi yako itatoka hapo unaweza kujitazama ndani yake. Kama mashine ni nzima. Hilo bado hatujui.

Kwa hiyo sikiliza. Bamba la jina si kitu, wezi wa shaba walilichukua. Kwangua rangi chini kabisa ya ule mguu, upande wa nyuma, kwa kipande cha mbao ngumu, si tindo. Wenye mashine hizo waliandika jina la mji wao kwenye chuma chenyewe kikiwa bado uji. Niambie unasoma nini.

Pili, nati inayoshika jiwe. Inafunguka kwa kuzungushwa kama unaifunga. Imetengenezwa kinyume makusudi, ili mashine ikizunguka isiilegeze. Mafundi wengi wameiharibu kwa ujuaji.

Tatu, usiunge umeme. Jiwe lililolala kwenye nyasi usiliamini. Likipasuka likiwa linazunguka halichagui wa kumpiga. Nilimbeba mtu mpaka mlangoni pale kiwandani, kipande kimemwingia kifuani, na alikuwa ameagana na mke wake asubuhi hiyo kama siku zote. Sitaki kuandika zaidi. Wewe usiunge umeme.

Mimi mjomba wako,
Enos


Malukhu
2 Aprili 2024

Mjomba,

Tumeipokea Pasaka kwa mvua na kuku mmoja mgumu. Mama amesoma maneno yako kuhusu kuchungulia na amesema atakujibu siku atakayokuona, kwa mkono.

Barua yako imeokoa mashine. Cliff aliifikisha Ashiraf akiwa tayari ameshika tindo na nyundo juu ya ile nati. Alikuwa ameizungusha siku nzima na bomba refu.

"Madamu, hii kitu imekataa," ananiambia. "Mimi nakata, tunaweka ingine."

"Ngoja nisome kwanza."

"Utasoma mpaka jioni?"

Nikasoma. Nikamwambia azungushe upande mwingine. Alinitazama kama nimelewa, akazungusha, na ikaachia kama kifuniko cha soda. Tangu hapo anakuita Afande, na hajakuona hata siku moja. Jiwe la zamani lilipotoka lilivunjika mikononi mwetu kama biskuti, kwa hiyo habari ya yule mtu wa mlangoni nimeielewa vizuri.

Chini ya rangi tumesoma HALIFAX. Nimekuchorea na shafti ya jiwe, na vipimo vyake nimeviandika pembeni. Sasa tunahitaji jiwe jipya, na tunahitaji kujua kama beringi za shafti ni nzima kabla hatujamlipa mtu wa umeme.

Lingine. Cliff anasema alikukuta juzi unatembea katikati ya njia ya Masese, akapiga honi mpaka watu wakatoka madukani, na hukugeuka. Ilibidi akupite kwa kuingia majanini. Mama ameuliza, "Kwani Enos hasikii?" Nikamwambia ulikuwa na mawazo. Ulikuwa na mawazo, Mjomba?

Nangila


Mpumudde
28 Aprili 2024

Mamangu,

Nilikuwa na mawazo. Cliff anapiga honi kama gari la bwana harusi, mtu mwenye akili zake hageuki kwa kila kelele. Mwambie dada asianze. Norah anawasalimu. Nyumba inavuja upande wa jikoni, lakini huo ni ugomvi wa mwenye nyumba.

Halifax! Ndiyo ile ile. Nilijua. Wana chuma kizuri, wale watu.

Beringi: usizungushe tu kwa mkono ukasema iko laini. Chukua fimbo kavu, ncha moja ibane kwenye meno, nyingine iguse nyumba ya beringi, na Ashiraf azungushe shafti polepole. Beringi nzima utaipata kwenye taya, inapita kama maji. Mbovu inakuja na mchanga. Mimi hufanya hivyo siku zote, hata wengine wanapotumia sikio. Kwa meno hakuna kelele za wapita njia.

Jiwe ninalo. Kiwanda kilipofungwa, mafundi tuliruhusiwa kuchukua kitu kimoja kimoja. Wengine walichukua vaisi za kubania chuma, wengine viti. Mimi nilichukua jiwe jipya la grainda ile, limekaa chini ya kitanda changu miaka yote, na Norah amejigonga kidole nalo mara nyingi akifagia. Nilijua siku moja litapata mashine. Nimempa Cliff, limefungwa kwenye gunia na nyasi kavu. Ni lako, mamangu. Sikulitunza kwa ajili ya mwingine.

Nimelitundika kwenye kidole na kuligonga mwenyewe kabla ya kulifunga. Linalia safi kama kengele, halina ufa. Hapa kwa Geresom, karakana ninakoshinda siku hizi, kila Jumatatu wananiletea mawe yao yote. Hakuna jiwe linalofungwa kwenye mashine pale kabla mimi sijaligonga. Wana vijana wenye vyeti, lakini kwa jiwe wananingoja mimi. Kwa hiyo funga bila wasiwasi.

Mjomba wako,
Enos


Malukhu
20 Mei 2024

Mjomba,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama sasa anapaka mafuta ya moto na anasema yanasaidia, ila hataki nikuandikie hivyo.

Beringi ni nzima. Nilipata maji, sikupata mchanga. Ashiraf naye alijaribu, akasema ametekenywa.

Jiwe limefika. Asante sana kwa moyo wako. Ila tundu lake ni kubwa kuliko shafti yetu, halishiki. Pengine zile za kwenu zilikuwa za aina nyingine. Tutatafuta jingine Kampala, usijisumbue.

Nimebanwa na kazi, nitaandika zaidi.

Nangila


Mpumudde
6 Juni 2024

Nangila,

Tundu la jiwe lile ni inchi moja na robo. Shafti uliyonichorea kwa mkono wako ni inchi moja na robo. Kati yetu wawili kuna mmoja hajui kupima, na si mimi, maana mimi ndiye niliyekufundisha.

Wewe si mwongo, na unapojaribu unaandika barua fupi. Niambie jiwe lina nini.

Enos


Malukhu
23 Juni 2024

Mjomba,

Leo za nyumbani nitaziacha, nisamehe. Nikianza na magoti ya Mama sitafika ninakotaka kufika.

Nilikudanganya. Jiwe liliingia kwenye shafti vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba halikulia. Nilipolitoa kwenye gunia nililitundika kwenye kidole kama ulivyonionyesha nikiwa msichana wa shule, nikaligonga na mpini wa bisibisi, nikingoja ile sauti ya kengele. Likasema du. Nikajiambia limelowa barafu ya samaki, jiwe bichi halilii. Nikalianika juu ya bati wiki nzima. Likasema du. Ashiraf akaligonga, akanitazama. Mama akaligonga na mwiko, akauliza, "Ndivyo linavyotakiwa?"

Mwishowe nikalipaka mafuta ya taa, nikalifuta, nikalinyunyizia unga wa chaki. Ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye tundu mpaka karibu na ukingo. Na usiseme lilipasukia njiani. Ndani ya ufa mna uchafu mweusi wa miaka mingi. Ulikuwapo siku ulipoligonga.

Ningenyamaza. Nilishaamua kunyamaza, nilishatunga na uwongo wa tundu. Jiwe lile lingekaa hapa kwangu na ungeamini mpaka mwisho kwamba halikuenea tu. Lakini uliniandikia kwamba kwa Geresom hakuna jiwe linalofungwa kabla hujaligonga wewe. Sentensi hiyo imeniondolea hamu ya kula. Kila nikisikia kelele mtaani nafikiria Jumatatu yako.

Mjomba, husikii. Cliff hakusema uwongo. Simu haikuharibika spika. Anti Norah anakufichia kwa sababu anakupenda, nami nilitaka kufanya vivyo hivyo, na ingekuwa rahisi sana. Lakini watu wanaosimama mbele ya mawe pale kwa Geresom nao wana wajomba, na wana watu walioagana nao asubuhi.

Kasirika ukitaka. Ila kabla hujakasirika, nenda kwa Geresom.

Nakupenda. Sijawahi kukuandikia neno hilo, na ona nimeliweka wapi.

Nangila


Malukhu
18 Agosti 2024

Mjomba Enos,

Cliff anaapa kwamba barua ya Juni alikupa mkononi. Amepita kwenu mara kadhaa tangu hapo, na Anti Norah anamwambia hakuna barua ya kubeba. Anasema siku hizi unakaa nyuma ya nyumba na humtazami mtu.

Mama hajui nilichokuandikia. Nimemwambia posta imechelewa. Amenijibu kwamba posta yetu inapita hapa kila Alhamisi na samaki, kisha akaingia ndani, nikamsikia analia.

Mashine tumeipaka rangi ya kijani. Hatujatafuta jiwe. Ashiraf yuko tayari kwenda Kampala, mimi ndiye sitaki. Mteja wa kwanza aliyeahidi kutuletea hedi amechoka kungoja, amepeleka kwingine. Bosi wa gereji amenisalimu sokoni, akauliza kama nimeshiba uhuru.

Kama nimekupoteza kwa sababu ya barua ile, niambie tu.

Nangila


Mpumudde
9 Septemba 2024

Mamangu,

Hujanipoteza. Nilipotea mwenyewe kidogo.

Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikamwambia Norah kwamba mpwa wangu amepata mashine na kiburi kwa pamoja. Niliapa sitakuandikia tena. Nilikuchukia, Nangila, siku mbili tatu hivi, na nilikuwa nikikuchukia kwa nguvu kwa sababu nilijua.

Ilianza na ndege wa asubuhi. Sijui waliacha lini, siku moja nilitambua tu kwamba hawapo. Ikaja simu, kisha mhubiri kanisani, nikawa naitikia amina kwa kutazama mabega ya wenzangu. Nikimwona mtu mdomo na akazungumza taratibu, naelewa. Akigeuka, amekwenda. Fundi akiharibikiwa macho anavaa miwani, watu wanamwona msomi. Akiharibikiwa masikio wanaanza kuzungumza na mke wake, na yeye amekaa hapo hapo. Hilo ndilo nililolikimbia. Nilifikiri nikiendelea kugonga mawe nitabaki fundi.

Jumatatu baada ya barua yako, Geresom alileta mawe. Nikagonga la kwanza, nikasema zima. Nikagonga la pili, nikajikuta nimesema zima kabla mpini haujagusa. Mamangu, woga ulionishika pale haujawahi kunishika, hata siku ile ya kiwandani. Nilimwona yule mtu wa mlangoni. Nikaona nimekuwa nikiwapitishia vijana wa watu kifo kwa sababu ya heshima yangu.

Nikamwita Geresom, nikampa jiwe na nyundo ya mbao. Nikamwambia agonge yeye. Akagonga, nami nikamtazama usoni. Kisha nikamwambia mbele ya wote, "Mimi sisikii. Mawe yote niliyopitisha tangu mwaka jana, yashusheni kwenye mashine."

Hakuna aliyeshusha. Walitazamana. Geresom akainama ili nimwone mdomo, akasema mara mbili mpaka nikashika:

"Mzee, sisi najua zamani. Wewe naenda nyumbani, sisi nagonga tena yote. Hakuna mtu nataka kukwambia, bwana."

Nilicheka kwanza, kwa sababu hakuna aliyeumia na hakuna ambaye angeumia. Kisha nikazunguka nyuma ya karakana nikalia. Miezi yote hiyo walinisubiri niondoke, wakagonga kila kitu upya, Jumatatu wakanipokea tena kwa chai na kiti. Wote walijua. Norah alijua, Geresom alijua, hata Cliff na honi yake. Waliniheshimu mpaka nikabaki peke yangu. Kati ya watu wangu wote, wewe tu ndiye uliyeniambia, na ilikuchukua jiwe bovu na uwongo mmoja.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema asante bila kujishusha. Sijaipata. Asante.

Bado naenda Jumatatu. Geresom anagonga, mimi nautazama uso wake na kuushika ukingo wa jiwe kwa ncha za vidole, na mara nyingine vidole vinajua kabla yake. Lakini neno la mwisho ni lake. Amenipa jiwe kwa ajili ya mashine yako. Amelichagua yeye, akaligonga mbele yangu mara nyingi kuliko lazima, akitabasamu. Nitalileta mwenyewe Oktoba. Mlipe mtu wa umeme. Na lile la kwangu livunje kwa nyundo, vipande vyote, mtu asije akalifunga mahali.

Mwambie dada Wilkista nakuja, aandae huo mkono wake.

Enos


Mpumudde
4 Novemba 2024

Mamangu Nangila,

Nimefika salama kutoka kwenu, Norah amenipokea vizuri, na zile ndizi za dada zimeiva zote siku moja, tunawagawia majirani. Makofi niliyopigwa mgongoni na dada yangu bado nayahisi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akazungumza polepole kama na mtoto, na sikuona uchungu. Nashangaa kwa nini niliogopa hilo muda mrefu hivyo.

Norah ananiambia Cliff ameleta habari kwamba mmeshapata hedi za kufanyia kazi mpaka wiki ijayo. Nimefurahi sana. Msifungue kazi zote kwa pamoja. Acheni jiwe lizunguke bure kidogo kila asubuhi, na msimame pembeni, kamwe si mbele yake.

Kuna kitu kimoja nimekikosa, na ni wewe tu wa kunipa. Siku ile tulipoiwasha nilikuwa na fimbo kwenye meno na kiganja kwenye mguu wa mashine. Mtikisiko niliupata, ulikuwa safi, nikajua iko sawa. Nilijikaza, sikutamka neno, maana mzee aliyeitwa Afande hawezi kutokwa na machozi mbele ya mafundi. Lakini mtikisiko si sauti. Niliona Ashiraf anapiga makofi, niliona dada ameziba mdomo, niliona wewe unatazama upande wangu na si upande wa mashine. Kila mtu alikuwa amesikia kitu isipokuwa mimi.

Niandikie sauti yake. Usiniandikie kwamba ni nzuri. Niandikie kama unamwandikia mtu atakayeisoma pole pole, peke yake.

Mjomba wako,
Enos


Malukhu
17 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Sote wazima. Mama anatembea vizuri na anawatangazia watu kwamba ni wewe uliyemponya. Hedi ya kwanza imerudi kwenye gari lake, na mwenye gari amejitazama ndani yake kama ulivyosema, akarekebisha kola.

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Leo nimepeleka kiti karibu na mashine, nimemwomba Ashiraf aiwashe, na ninaandika ikiwa inakwenda.

Kwanza kuna kimya kifupi baada ya kubonyeza swichi, unadhani umeme haujafika. Kisha mvumo unaanza chini sana, kama Mama anapoanza wimbo jikoni kabla hajakumbuka maneno. Unapanda. Haupandi kwa kuruka, unapanda wote pamoja, mpaka unafika mahali fulani na kukaa hapo, na ukikaa haukwaruzi, haugongi, haupumui. Mtu anaweza kusali karibu nayo. Jiwe linapogusa chuma mara ya kwanza linasema shhh, kama kitunguu kinapoingia kwenye mafuta ya moto, na meza inapokwenda mwisho na kurudi ile shhh inakwenda nayo, mbali kidogo, karibu kidogo. Ukizima, sauti inashuka taratibu sana. Ashiraf huenda kunywa maji, na akirudi bado inashuka.

Hiyo ni sauti ya leo. Siku ile ilikuwa tofauti, na sikujua kama nikwambie.

Unasema ulijikaza, hukutamka neno. Mjomba, ulikuwa unapiga kelele. Fimbo ilikudondoka mdomoni, hukujua, na ulikuwa unapaza sauti kuliko mashine, kuliko umeme, kuliko redio ya duka la jirani. "Inaenda, mama! Inaenda! Inaenda!" Majirani wa Malukhu walitoka nje. Mama aliziba mdomo kwa sababu yako. Ashiraf alikuwa anakupigia makofi wewe.

Ndiyo maana nilikuwa natazama upande wako. Sauti ya mashine yenyewe nimeisikiliza leo kwa mara ya kwanza.

Mpwa wako, na mama yako,
Nangila